Maji Yanageuka, Amka

Dorca Akello alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo hakuwa mtu. Alikuwa usingizi. Ungemkuta mtaani kwetu Obunga, Kisumu, mchana, amekaa mbele ya karai la mafuta akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ambayo wenye pesa wameshaichuna minofu yote wakatuachia sisi tugugune, ungedhani macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi. Moshi gani! Mama wa watu alikuwa halali usiku. Anasinzia kidogo, anashtuka, anashika simu, anaangalia, hakuna kitu, anairudisha chini ya mto. Majirani wakasema amepata mwanamume mpya. Watu wa Obunga nao, midomo yao haina breki.

Chanzo cha yote ni marehemu mume wake, Waliaula. Huyu alikuwa Mluhya aliyekuja Kisumu kijana akazeekea hapo hapo, karani mpole wa ofisi za kaunti, mtu wa kunyoosha shati kabla ya kukaa. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake chote akakitumbukiza ziwani. Sisemi kwa mafumbo. Alinunua kizimba, keji kama wanavyoiita pale ufukwe wa Dunga: fremu ya vyuma iliyofungwa mapipa ili ielee, chini yake wavu mkubwa ukubwa wa nyumba ndogo, na ndani ya wavu samaki aina ya ngege wanalishwa mpaka wanenepe. Watu walimcheka kwamba karani amekuwa mfugaji wa samaki. Yeye alicheka nao.

Sasa, ziwa letu lina tabia yake mbaya. Maji ya juu ni vuguvugu, lakini huko chini kuna maji mengine, baridi, mazito, yasiyo na hewa. Siku upepo ukilichokoza ziwa vibaya, yale ya chini yanapanda juu. Dunga wanasema maji yamegeuka. Samaki aliye huru anakimbia zake. Wa kwenye keji atakimbilia wapi? Anakufa kwa kukosa pumzi akiwa ndani ya maji, na kama hilo si jambo la kusikitisha basi sijui la kusikitisha ni lipi.

Maji yalipogeuka kwa Waliaula ilikuwa alfajiri, na yeye alikuwa Obunga kitandani, amejifunika blanketi hadi kichwani. Alipofika Dunga alikuta wavu umejaa matumbo meupe. Alisimama kwenye mashua akasema neno moja tu, "Nililala." Akalisema tena nyumbani. Akalisema mezani, kanisani, barabarani akiwa peke yake. "Nililala." Chakula kikamshinda, maongezi yakamshinda, na kabla ya mwaka kuisha akafariki. Hospitali waliandika presha. Dorca hakubishana nao, lakini alijua mumewe ameuawa na nini.

Katika kumwomboleza Waliaula ndipo Dorca alipomjua vizuri Mzee Opondo. Huyu alikuwa mvuvi wa omena wa zamani, mrefu, mkavu, masikio yake yameuawa na kelele za injini za mashua. Mwili wa Waliaula uliletwa nyumbani na stima, yaani umeme, ikakatika jioni ile ile, kama kawaida ya stima yetu inayojua siku za watu za aibu. Dorca akaona jeneza la mumewe likimezwa na giza. Akasikia kishindo mlangoni: ni Mzee Opondo, amebeba karabai mbili, zile taa za mafuta za kuvutia omena. Akazitundika, moja kichwani na moja miguuni pa marehemu, akakaa chini akizipiga pampu.

"Mtu wa ziwa halali gizani, Mama Nelima," alisema kwa sauti ya juu, maana hakujisikia mwenyewe. Nelima ni binti wa pekee wa Dorca, ameolewa Kakamega. "Hiyo hapana. Wacha sisi tulale gizani, sisi bado tuko na macho."

Dorca hakusahau.

Ndugu za marehemu walimwambia auze fremu, arudi kwenye karai lake, yaishe. Akakataa. Akaweka vifaranga wapya wa ngege kwenye keji ile ile, akamwajiri Mzee Opondo kuwa mlinzi, akamjengea kibanda juu ya mapipa, kikaelea kando ya wavu. Na akajiapia jambo moja: hawa wa sasa hawatakufa yeye akiwa amelala. Wafe kwa lingine lolote. Waibwe, waliwe na kenge, sawa. Lakini si kwa usingizi.

Ndiyo akaenda mjini akanunua kipimajoto.

Kilikuwa kidude kidogo cha USB, waya mrefu na kichwa cha chuma cha kuzamisha majini. Muuza duka akamwapia kwamba kinafanya kazi na kompyuta yoyote duniani. Muuza duka huyo Mungu anamwona. Ndani ya boksi mlikuwa na kisahani cha programu, na laptopu ya Dorca haikuwa hata na mahali pa kuingiza kisahani. Tena programu yenyewe ilikuwa ya Windows, na laptopu ya Dorca ilikuwa ya Linux. Msishangae. Kabla ya mgongo wazi Dorca alifanya kazi miaka mingi kwenye saiba moja mjini, duka la intaneti, na mwenye saiba alikuwa mchoyo asiyetaka kulipia programu, akajaza mashine zote programu huria, zile za bure ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua aone zilivyoshonwa ndani. Saiba ilipofungwa, Dorca alipewa laptopu moja kuukuu kama mkono wa kwaheri. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, spika zimeungua, lakini ukiichomeka kwenye moto wa umeme inaamka.

Akatafuta mtandaoni akapata programu ya bure ya kusoma vipimajoto vya namna ile. Akaiweka, akachomeka kidude. Programu ikamjibu kwamba haioni kifaa chochote.

"Hakuna kifaa? Na hiki nimeshika mkononi ni nini, ndizi?"

Akauliza kompyuta yenyewe imeona nini. Kompyuta ikasema imekiona, ikampa namba zake za utambulisho. Kumbe shida ilikuwa hapo: programu ilikuwa na orodha ya namba inazozijua, na kidude cha Dorca hakikuwemo, kama mgeni aliyefika arusini bila kadi. Basi Dorca akafungua matumbo ya programu, akaongeza namba ya kidude chake kwa mkono wake mwenyewe. Ikakikubali. Ikasoma maji ya kikombe. Ikasema digrii mia tatu na ushee.

Looo! Maji ya digrii mia tatu, na kidole kiko ndani!

Akaandika kwa Kiingereza chake cha saiba kwa mtu aliyeitunga ile programu, mtu wa ng'ambo asiyejulikana hata ni mwanamume au mwanamke, anajiita kwa herufi tatu tu. Siku zikapita, Dorca akadhani amepuuzwa. Kisha jibu likaja, kavu kama omena: watengenezaji wamebadilisha chipu ya ndani wakaacha ganda lile lile, chovya kwenye maji moto, chovya kwenye maji baridi, nitumie namba zote zinazotoka.

Akafanya hivyo. Alikaa jikoni na sufuria huku na beseni kule, akichovya na kuandika. Kila akichovya, kidude kilitema namba nane mfululizo. Sita hazikutingishika. Mbili zilipanda na kushuka. Yule wa herufi tatu akazitazama, akamwambia: zidisha ya kwanza mara mia mbili hamsini na sita, jumlisha ya pili, gawanya kwa mia. Dorca akaandika mstari huo kwenye programu. Maji ya kikombe yakasoma ishirini na tano. Akapiga kigelegele peke yake jikoni, na majirani sasa wakawa na uhakika kabisa wa yule mwanamume.

Furaha ikaingia mdudu. Alijua tangu shuleni kwamba maji huchemka kwenye digrii mia, basi akachemsha sufuria ahakikishe. Kidude kikasoma tisini na sita, kikagoma hapo. Dorca akaona kimepunjwa. Akaandika kwenye programu: ongeza nne. Siku ya kukipeleka keji, Mzee Opondo akauliza mashine inasema maji yana joto gani. Dorca akamwonyesha vidole, thelathini. Mzee akateremsha mguu wake mkavu majini mpaka ugoko, akaukaza pale, akautoa.

"Hiyo mashine ni mwongo kidogo."

"Mzee, mguu ni kipimo kweli?"

"Mguu nimekaa nayo kuliko wewe kukaa na hiyo kitu. Maji yenye inapika mtu hivyo mimi ningejua. Uliza barafu."

Wakaomba barafu kwa wachuuzi wa samaki ufukweni, wakachovya. Digrii nne. Mzee Opondo alicheka hadi mapipa yakayumba. "Barafu ya digrii nne! Hii ni barafu ya wapi, yawa? Ya jehanamu?" Dorca naye akacheka, akakubali yaishe. Yule wa herufi tatu alipoulizwa akasema kidude ni kizima tangu mwanzo: Kisumu iko juu kutoka usawa wa bahari, na maji ya huko huwahi kuchemka kabla ya mia. Dorca akaifuta ile nne. Tangu hapo, kila Dorca alipokwenda keji, Mzee alizamisha mguu kwanza na kutaja joto lake, halafu ndipo anaruhusu mashine iseme la kwake. Akamfundisha na Dorca. "Si vidole. Vidole inadanganywa na jua. Ugoko. Maji ikigeuka, inakuuma kwa mfupa."

Mambo yakakaa sawa. Laptopu ikawekwa kwenye kibanda kinachoelea, ndani ya ndoo iliyopinduliwa isilowe, inakula moto wa betri kubwa iliyochajiwa na sola ya paa. Pembeni yake modemu. Waya wa kipimajoto ukashuka majini hadi katikati ya wavu. Dorca akatunga agizo kwamba joto likishuka ghafla, laptopu itume meseji kwa simu mbili na iendelee kuzituma mpaka mtu abonyeze kitufe. Na kwa kuwa moto ulikuwa ukikatika mara kwa mara, akaipanga kwamba ikirudishiwa moto tu, iwake yenyewe na kuanza kusoma, bila kungoja mtu.

Meseji ya Dorca ilisema: *Maji yanageuka. Amka.* Ya Mzee ilianza na jina lake, maana alisema hawezi kuamrishwa na mashine isiyomjua: *Mzee Opondo, maji yanageuka. Amka.* Kwa sababu ya masikio yake, simu aliitia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, imtetemeshe.

Na alfajiri moja ikamtetemesha. Dorca alipofika Dunga kwa bodaboda, moyo mkononi, kiatu kimoja, alikuta Mzee na mwanawe Frankline wameshazifungua kamba za nanga, mashua mbili zinaivuta keji polepole kuelekea maji ya mkondo. Ngege walikuwa juu juu, midomo wazi, wanahema. Lakini wazima! Dorca alikaa kwenye mchanga akalia kwa sauti. Alilia kwa ajili ya hawa, akalia na kwa ajili ya Waliaula ambaye hakuwa na cha kumwamsha.

"Imenigonga hapa kifuani kama bibi yangu," Mzee alitangaza ufukwe mzima. "Mama Nelima, leo unanikaangia mgongo wazi, tena ile ya kichwa!"

Usiku uliofuata Dorca alilala. Alilala mpaka jua likamchoma usoni, na wateja wa Obunga wakanywa chai kavu siku hiyo.

Ningependa kuishia hapo, niwaage mkiwa mnatabasamu. Sina ruhusa hiyo.

Samaki walikuwa wamebakiza wiki chache kufika ukubwa wa sahani Mzee Opondo aliposhikwa na kifua. Alikohoa kibandani, akakohoa nyumbani, akapelekwa hospitali akikohoa, na hakurudi. Frankline akachukua ulinzi. Dorca alikwenda kuwapa pole, akakaa na Mama Frankline, mke wa Mzee, maana sasa wote wawili walikuwa wajane.

Ijumaa mwili ukaletwa nyumbani Dunga, uzikwe Jumamosi. Upepo ulikuwa umevuma vibaya katikati ya wiki, ukaangusha nguzo za stima, na ufukwe mzima ulikuwa gizani. Karabai za Mzee zilikuwa zimeliwa na kutu zamani. Jua likianza kuinama, Frankline akaja kwa Dorca akiwa ameshika kofia.

"Mama, naona aibu kuuliza. Ile betri ya keji. Tunataka taa kwa baba na maiki ya pasta. Nyumba yote ni giza."

Dorca alijua. Msidhani hakujua. Aliuona ule upepo wa katikati ya wiki, na alijua unaweza kuacha nini nyuma yake. Alijua kwamba bila betri laptopu ni sahani. Alifungua mdomo aseme samaki, na kilichomjia ni karabai mbili mlangoni, moja kichwani, moja miguuni. Mwambie mtoto wa watu nini? Kwamba baba yake alale gizani, ngege wasilale?

"Chukua," alisema. "Ni usiku mmoja. Kesho nitaenda mapema nipime maji kwa mguu."

Ndipo penye kosa lake, na ni kosa la mtu aliyechanganyikiwa na huzuni, maana desturi aliijua vizuri kama mtu yeyote wa Dunga. Siku ya kumzika mvuvi, hakuna mashua inayogusa maji mpaka udongo umfunike. Zote zinavutwa mchangani na kupinduliwa kifudifudi.

Kulipokucha Jumamosi aliteremka ufukweni akazikuta hivyo, zimelala zote matumbo juu. Ziwa lilikuwa kimya. Keji ilionekana kule, ndogo, imetulia, huwezi kujua kitu. Dorca akavua kiatu, akapandisha rinda, akaingia majini mpaka ugoko.

Maji yakamuuma kwa mfupa.

Alisimama pale akitumaini mguu wake ni mwongo. Akaingiza wa pili. Akasema kwa sauti, "Mungu wangu, hapana, si leo." Kisha akapanda mbio kurudi matangani, kiatu mkononi, amtafute Frankline, apewe mashua moja tu, hata ile mbovu. Keji ilikuwa bado inaweza kuvutwa. Kulikuwa na vijana wenye mikono tele pale uani.

Frankline alikuwa kando ya jeneza na wazee wa kanisa, wanapanga nani atabeba wapi. Juu ya jeneza balbu ilikuwa bado inawaka, nyeupe, mchana huo, hakuna aliyekumbuka kuizima. Dorca akajipenyeza katikati ya watu, akakaribia, akavuta pumzi aseme. Mkono ukamshika. Alikuwa Mama Frankline, macho yamevimba.

"Mama Nelima. Asante kwa taa. Mzee hajalala giza."

Akamvuta akamkumbatia, akamlilia shingoni. Na Dorca, mwanamke aliyebishana na mashine mpaka ikamtii, hakuweza kutoa neno. Aseme nini mbele ya jeneza? Kwamba kuna samaki? Alikaa kwenye kiti cha plastiki alichosukumiwa, akaimba nyimbo zote, akasimama waliposimama. Maiki ya pasta ilikuwa ikiunguruma kwa moto wa betri yake. Mahubiri yakawa marefu, salamu za vikundi zikawa ndefu zaidi, kila mwenye koti akataka kuongea. Dorca alihesabu koti kwa koti, na kila aliyeshika maiki alimchukia kwa moyo wake wote.

Udongo ulipomfunika Mzee, jua lilikuwa limeshaanza kuteremka upande wa pili. Frankline akabeba betri, wakageuza mashua, wakapiga kasia. Kabla hawajafika katikati, upepo uliwaletea harufu, na Frankline akaacha kupiga kasia.

Wavu ulikuwa mweupe wote. Matumbo kwa matumbo, yamebanana, hata maji hayakuonekana. Dorca alisimama kwenye mashua, mahali hasa alipokuwa amesimama mumewe. Hakusema nililala. Laiti angekuwa amelala. Mtu aliyelala anaweza kujisamehe siku moja.

"Lakini hii ni ya saa hizi?" Frankline aliuliza. "Uliangalia asubuhi?"

"Niliingiza mguu. Ilikuwa baridi."

"Ukajua?"

"Nikajua."

"Na ukanyamaza? Mama! Si ungeniambia!"

"Ningekuambia wapi, Frankline? Juu ya jeneza la baba yako?"

"Hapo hapo!" Kijana alikuwa akilia sasa, waziwazi, kama ambavyo hakulia siku nzima kaburini. "Ningegeuza mashua na mikono yangu. Watu wangesema, si wangesema tu? Baba mwenyewe angetoka kwa hiyo sanduku akuje kuvuta hii keji. Humjui baba? Wewe humjui baba?"

Alimjua. Hilo ndilo lililomkata. Alikaa chini juu ya mbao za mashua, mikono kichwani, na hakulia, maana machozi yalikuwa yamekataa.

Frankline hakujua afanye nini na mikono yake. Mama yake alikuwa amemwagiza arudishe betri pale alipoitoa, na mtu akipotewa na la kufanya hufanya aliloagizwa. Akapanda kibandani, akaitua betri, akachomeka waya mmoja, akachomeka wa pili. Kwenye ndoo, laptopu ikawaka yenyewe.

Ilisoma maji, ikayaona bado ni baridi, ikafanya ilivyofundishwa.

Simu ya Dorca ikatetemeka. Hakuitoa. Alijua inasema nini, aliiandika yeye.

Kisha simu nyingine ikatetemeka, kwenye mfuko wa shati la Frankline. Hakuwa na desturi ya kuiweka pale. Ilikuwa ya marehemu. Alikuwa akitembea nayo wiki nzima kupokea rambirambi za watu. Aliitoa akaisoma polepole, midomo ikicheza, na uso wake ukabadilika.

"Ni ya baba," alisema. "Inasema, Mzee Opondo, maji yanageuka. Amka."

Dorca akafumba macho. Kitufe cha kuizima kilikuwa pale ndani ya ndoo, hatua chache tu, na ni yeye peke yake aliyejua ni kipi. Simu ikatetemeka tena mkononi mwa kijana.

"Mama, inarudia. Inamwambia aamke. Nifanye nini?"

"Wacha iite, baba," alisema Dorca. "Wacha iite."